Uzi: Kuunda magari ya modeli ya skeli ya 1/24 – pima kwanza, gundi baadaye

Kipimo Kwanza (mwanzisha uzi), Tanga

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimekuwa nikiunda magari ya modeli ya plastiki kwa miaka kumi na moja, mengi yake yakiwa ya skeli ya 1/24, yaani kila kipimo cha gari halisi kimegawanywa kwa 24, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: kwa nini gari lililoungwa kwa uangalifu, lisilo na alama ya gundi wala chozi la rangi, likiwekwa mezani bado huonekana kama kichezeo cha mtoto, ilhali jingine lenye kasoro za wazi humfanya mtazamaji ainame na kuchungulia dirishani kana kwamba kuna mtu ameketi kwenye usukani? Jibu nililolifikia ni kwamba katika lile gari la kwanza kuna kitu ambacho fundi alisahau kukigawanya kwa ishirini na nne.

Urefu, upana na kimo cha bodi vimekwisha kugawanywa kiwandani, na mara nyingi vimegawanywa vizuri. Vinavyobaki mikononi mwetu ni unene wa rangi, ukali wa mng'ao, upana wa mwanya wa mlango, ukubwa wa chembe ya vumbi, na namna gari linavyokaa juu ya matairi yake. Hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Chukueni mwanya wa mlango. Katika gari halisi lililo zima, mwanya kati ya mlango na bodi huwa milimita nne hivi. Ukigawanya kwa 24 unapata sehemu ya sita ya milimita. Nimepima kwa kalipa mwanya wa mlango wa bodi moja niliyo nayo nikakuta nusu milimita, ambayo kwenye gari kubwa ingekuwa milimita kumi na mbili, yaani mlango ambao abiria angeloweshwa na mvua akiwa amekaa ndani. Sasa wengi wetu huchukua wino mweusi na kuujaza mwanya huo ili uonekane, na weusi ule huupanua zaidi machoni. Mimi nimeacha. Gari likiwa jekundu, mwanya naupaka hudhurungi iliyokolea. Likiwa jeupe, naupaka kijivu. Jicho huona kivuli, na kivuli ndicho kinachotakiwa.

Rangi nayo ina hesabu yake. Tabaka zote za rangi kwenye gari la kiwandani, kuanzia praima hadi vanishi ya juu, huwa na unene wa sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Ukiweka unene huohuo juu ya modeli, umelibandika gari lako kitu cha milimita mbili na nusu, kama ukuta uliopigwa lipu. Kingo za boneti huviringika, vishikio vya milango huzama, na maandishi madogo ya nembo hupotea kabisa. Hakuna kati yetu awezaye kupuliza tabaka lililo jembamba mara ishirini na nne kuliko la kiwandani, lakini kila tabaka unaloliacha bila kulipuliza ni hatua ya kuukaribia ukweli. Vilevile chengachenga za rangi ya metali zinazong'aa vizuri kwenye gari la barabarani huonekana kwenye modeli kama vipande vya kioo vilivyomwagwa juu ya boneti, kwa sababu chenga yenyewe haikupunguzwa.

Gari ninaloliunda sasa ni Datsun 240Z ya mbio za Safari, kutoka boksi la vipande vya kuunga la kampuni ya Hasegawa ya Japani. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua gari hili hata kama hawajawahi kushika modeli. Lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, kisha mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda nalo akiwa na Lofty Drews, bodi ikiwa nyekundu na boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni. Mbio zenyewe zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo ninapolipaka vumbi gari hili ninapaka vumbi la kwetu, na nisingependa nilikosee.

Vipimo vya 240Z ya kawaida ni hivi: urefu milimita 4,115, upana 1,630, kimo 1,285, na umbali kati ya ekseli mbili 2,305. Kwa skeli ya 1/24 tunapata milimita 171.5, 67.9, 53.5 na 96. Hicho cha mwisho kiangalieni sana, kwa sababu umbali kati ya ekseli haubadiliki fundi wa mashindano akibadili bampa au akifunga taa za ziada. Nikipata picha ya gari la mashindano iliyopigwa ubavuni kwa kunyooka na kwa mbali, naichapisha karatasini kwa ukubwa ambao vituo vya magurudumu mawili viko milimita 96 kamili. Kuanzia hapo picha ile yenyewe ni ya skeli ya 1/24, na kila ninachotaka kukijua, kama kimo cha bodi kutoka ardhini au mahali taa ilipofungwa, nakipima kwa rula moja kwa moja bila hesabu. Picha iliyopigwa kwa karibu haifai, maana gurudumu lililo karibu na kamera huonekana kubwa kuliko mwenzake na vipimo vyote hupinda.

Jambo hili la kupima gari kubwa ili kuunda dogo si mbwembwe zangu. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka ilipotaka kutengeneza modeli ya Porsche 934 kwa skeli ya 1/12, iliyotoka mwaka 1976, Shunsaku Tamiya, aliyekuja kuwa mkuu wake, alinunua gari halisi la Porsche 911 na kulifungua kipande kwa kipande ili lipimwe na kupigwa picha. Kuliunga tena kukawashinda, ikabidi mafundi wa Porsche waje kulirudisha. Huwa naikumbuka habari hiyo kila mtu anaponiambia kuwa kwenda kupima gari kwa tepu ni kupoteza muda.

Na tahadhari kwa wanaoanza: msichanganye 1/24 na 1/25. Kampuni za Marekani kama AMT zilizoea 1/25 tangu zamani, ilhali Wajapani wengi hutumia 1/24, ambayo ni nusu inchi kwa kila futi moja. Datsun hiyohiyo kwa 1/25 ingekuwa fupi kwa milimita saba karibu. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini weka rimu za 1/25 kwenye bodi ya 1/24 uone gari linavyoonekana kama limevaa viatu vya mdogo wake.

Nakaribisha maswali, na zaidi ya maswali nakaribisha vipimo.

Mchonga Mabua, Dar es Salaam

Mkuu Kipimo Kwanza, nimesoma uzi wako mara mbili. Mimi nilikulia Temeke, na katika utoto wetu hakukuwa na boksi la plastiki. Magari tuliyaunda kwa waya wa uzio, kwa makopo ya maziwa na kwa mabua. Matairi tuliyakata kwenye ndala zilizochakaa, na usukani ulikuwa waya mrefu uliofika kifuani ili mtu akimbie nyuma ya gari lake huku akilikatisha kona. Nilikuwa na rafiki aliyeunda basi la Ikarus la UDA (Usafiri Dar es Salaam), lile refu lenye kiungo katikati, akaunganisha nusu mbili kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli uliokunjwakunjwa, na basi likapinda kwenye kona kama lile la barabarani. Je, kazi ya namna hiyo nayo ina nafasi katika mjadala huu, au mnazungumzia plastiki peke yake?

Kipimo Kwanza

Ndugu yangu, ina nafasi, na rafiki yako alikuwa ametangulia mbele ya wengi wetu. Kiungo kile cha mpira kinaonyesha kuwa alisimama kituoni akalitazama basi likipinda, akaelewa ni nini kinachojikunja na ni nini kinachobaki kigumu. Gari la waya halina skeli moja, kwa sababu tairi la ndala lina unene wa ndala na waya una unene wa waya. Mtoto hukuza kile anachokipenda, kama taa au boneti, na hukipunguza kile asichokijali. Modeli ya skeli inamnyima fundi uhuru huo. Lakini jicho la kutazama ni lilelile, na ningemchukua mtu aliyewahi kuunda gari la waya awe mwanafunzi wangu kabla ya mwenye boksi la bei ghali ambaye hajawahi kuinama kuangalia chini ya gari lolote.

Bunduki ya Rangi, Mombasa

Wakuu, mimi kazi yangu ya kila siku ni kupuliza rangi magari makubwa, na jioni huunda madogo, hivyo naomba niongeze machache kuhusu rangi, hasa kwa tunaoishi pwani.

Rangi za kopo maalumu za modeli ni vigumu kuzipata huku, kwa hiyo wengi hutumia rangi ya magari inayochanganywa dukani. Inawezekana kabisa, na faida yake ni kwamba unaweza kuomba rangi halisi ya gari kwa namba yake. Hatari iko kwenye thina. Plastiki ya modeli ni polistairini, nayo huyeyushwa na thina kali ya magari. Ukipuliza rangi yenye thina nyingi moja kwa moja juu ya bodi, uso wake hupasuka mistari midogo kama tope lililokauka, na kasoro hiyo haitoki hata ukipiga msasa siku nzima. Kwanza osheni bodi kwa sabuni na maji ya uvuguvugu ili kuondoa mafuta ya kiwandani, muiache ikauke kabisa, kisha pulizeni praima kwa tabaka jembamba karibu kavu, kama umande, subirini, mrudie tena. Praima ikishashika ndiyo ngao ya plastiki.

Jambo la pili ni unyevu. Thina inapokauka haraka huupoza uso wa rangi, na hewa ya pwani iliyojaa maji huacha unyevu wake papo hapo juu ya rangi mbichi. Matokeo yake ni ukungu mweupe ambao wengine hudhani ni rangi mbaya. Wakati wa masika mimi sipulizi laka alfajiri wala usiku. Nasubiri saa saba mchana siku ambayo nguo zinakauka upesi kambani, ndipo nafungua kompresa. Kama kazi haiwezi kungoja, natumia thina ya kukauka polepole. Gari lililokwisha kuingia ukungu mara nyingi huokoka kwa kupulizwa thina hiyo peke yake kwa mbali, tabaka moja jepesi.

Kuhusu unene, nakubaliana na mwanzisha uzi, lakini naongeza kwamba kiwango cha hewa kina mchango mkubwa. Kwa brashi ya hewa ndogo, shinikizo la psi 15 hadi 20 linatosha, na rangi iwe laini kama maziwa ya ng'ombe, si kama mtindi. Mtu anayetumia bunduki kubwa ya gereji kwenye gari la sentimita kumi na saba anamwaga, hapulizi.

La mwisho nalisema kwa uzito. Vanishi ya magari ya kuchanganya na dawa ya kukazia, hii tunayoiita 2K, hutoa mng'ao mzuri sana, lakini dawa ile ina kemikali za aisosianeti zinazodhuru mapafu na zinazoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii mvuke huo. Asiye na kinyago chenye vichujio sahihi na mahali pa wazi asiipulize, na asiipulize kamwe chumbani walimolala watoto.

Vumbi la Naivasha, Nakuru

Mwanzisha uzi, umesema unalipaka vumbi la kwetu. Naomba nikuulize: vumbi la wapi?

Nauliza kwa sababu nimeona magari mengi ya Safari yaliyoundwa na watu wa nchi za mbali, na karibu yote yamepakwa vumbi jekundu la aina moja, kana kwamba Afrika Mashariki nzima ni uwanja mmoja wa matofali. Tangu mbio ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 nimekuwa nikizitazama hapa Naivasha, na vumbi la Kedong ni la asili ya volkano, jepesi mno, la rangi ya majivu yenye umanjano, linalofurika hadi gari linatoweka ndani yake. Ukishuka kuelekea Voi na Tsavo ndipo unapokutana na wekundu ule mkali. Kwenye mbuga zenye udongo mweusi, mvua ikinyesha, si vumbi tena bali ni tope zito linalojaza matao ya magurudumu. Gari lililopakwa wekundu wa Voi huku taa na namba zake ni za mwaka ambao picha zinaonyesha majivu ya Naivasha, kwangu mimi limekosewa hata kama kila kipande chake kimepimwa.

Pia tazameni vumbi linakaa wapi. Nyuma ya gari hewa huzunguka na kulivuta vumbi, kwa hiyo kioo cha nyuma na buti hufunikwa kuliko paa. Kioo cha mbele hubaki na matao mawili safi yaliyofagiwa na waipa. Mlango huwa na alama za mikono kuzunguka kishikio chake, kwa sababu watu wawili wamepanda na kushuka mara nyingi wakiwa na haraka.

Kipimo Kwanza

Mkuu, swali lako ni la haki na limenigusa. Picha za rangi za mwaka 1971 nilizo nazo zinaonyesha udongo mwekundu kwenye sketi za chini na rangi hafifu zaidi kwenye paa, nami nilikuwa nimepanga kupaka kote sawa. Nitabadilisha.

Kwa wasomaji wengine, niseme tunavyolifanya vumbi lenyewe. Udongo halisi ukichotwa barabarani haufai moja kwa moja. Punje ya mchanga ya nusu milimita kwenye modeli ni kokoto ya milimita kumi na mbili, na gari lako litaonekana limemwagiwa kifusi. Mimi huukausha udongo juani, nikautwanga kinuni, kisha nikauchekecha kwa soksi ndefu ya nailoni, tena mara mbili. Kinachopita hapo ni unga kama wa sembe, na huo ndio unaokaribia. Wengine hukwangua chaki za rangi kwa wembe na kuchanganya kahawia, machungwa na kijivu mpaka wapate rangi wanayoitaka. Ni njia safi zaidi, nami huitumia kwa paa na boneti. Unga hupakwa kwa brashi laini juu ya rangi isiyong'aa, kisha hufungwa kwa vanishi nyepesi inayopulizwa kwa mbali. Mjue kwamba vanishi hiyo humeza karibu nusu ya vumbi, kwa hiyo pakeni zaidi ya mnavyotaka lionekane.

Mwalimu wa Hesabu, Morogoro

Ndugu, nina swali dogo. Kama urefu unagawanywa kwa 24, uzito nao unagawanywaje? Wanafunzi wangu wamelibishania jambo hili.

Kipimo Kwanza

Mwalimu, uzito hufuata ujazo, kwa hiyo unagawanywa kwa 24 mara tatu, yaani 13,824. Gari la kilo 1,000 lingekuwa na gramu 72 hivi kama lingepunguzwa pamoja na uzito wake. Tatizo liko hapa: springi na matairi ya gari halisi hubonyea chini ya uzito, ya modeli hayabonyei. Ndiyo maana modeli nyingi hukaa juu mno, kama gari lililopandishwa jeki, na tairi lake hugusa meza kwa mstari tu. Mimi hulisugua tairi kwenye msasa upande wa chini, kidogo sana, mpaka lipate uso wa kukalia.

Binti wa Stendi, Mwanza

Wakubwa zangu, mimi siundi magari ya mashindano. Ninaunda magari yanayopita mbele ya duka letu, na kwa sasa niko kwenye Hiace.

Kampuni ya Aoshima ya Japani hutoa Hiace ya kizazi kilichoanza mwaka 2004 kwa skeli ya 1/24, na kwa sisi wa Tanzania na Kenya modeli za Kijapani zina neema moja kubwa: usukani uko kulia na mlango wa kuvuta uko kushoto, kama magari yetu yalivyo. Gari halisi la bodi ya kawaida lina urefu wa milimita 4,695, upana 1,695 na kimo 1,980, hivyo modeli ni milimita 195.6 kwa 70.6 kwa 82.5. Kwa nje limekamilika. Kwa ndani ni gari la familia ya Kijapani, lenye viti vichache vizuri na nafasi kubwa ya mizigo nyuma, na hakuna daladala yenye nafasi ya kumwaga hivyo.

Nilikwenda stendi na tepu ya fundi seremala na daftari. Konda wa kwanza alidhani nimetumwa na mtu wa kukagua magari akanikatalia. Wa pili, nilipomwonyesha bodi ya plastiki niliyokuwa nimeibeba kwenye mkoba, alinifungulia mlango mwenyewe akanishikia ncha ya tepu. Kiti cha watu watatu kilikuwa na upana wa sentimita 108, ambao ni milimita 45 kamili. Kutoka sakafuni hadi juu ya kikalio ilikuwa sentimita 43, karibu milimita 18. Kiti cha kukunja kando ya mlango kilikuwa chembamba kuliko nilivyofikiri, na bomba la kushikia abiria lilikuwa na kipenyo cha milimita 24, hivyo kwangu likawa milimita moja, yaani waya wa kawaida wa umeme uliovuliwa ganda.

Viti nimevikata kwenye plastiki ya makopo ya mtindi. Kopo la polistairini mtalitambua kwa tone la gundi ya kuyeyusha: likilainika, linafaa, lisipobadilika, ni plastiki nyingine, tafuteni kopo jingine. Matairi niliyasoma ubavuni mwa gari lenyewe, 195/80R15. Upana wa milimita 195 ukizidishwa kwa asilimia 80 unapata kimo cha ubavu, milimita 156. Ukikihesabu juu na chini na kuongeza rimu ya inchi 15, ambayo ni milimita 381, tairi zima ni milimita 693, na kwa skeli yetu karibu 29. Kila tairi barabarani limeandikwa kipimo chake ubavuni, na hamhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kukisoma.

Mstari wa ubavuni ndio ulionichukua muda mrefu, kwa sababu mstari wa daladala haukuchorwa na mashine. Umepakwa kwa tepu ya karatasi na mkono wa mtu, na kwenye mlango wa kuvuta mara nyingi haukutani sawasawa na ule wa bodi. Niliunyoosha mara ya kwanza, gari likaonekana jipya la maonyesho. Nikaufuta, nikaupaka tena nikiuacha upishane kwa sehemu ya tano ya milimita hapo mlangoni, ambayo kwenye gari kubwa ni karibu milimita tano, kama nilivyopima.

Naomba msaada wa jambo moja. Vioo vyangu vimeingia ukungu mweupe baada ya kuvibandika. Je, vinaokoka?

Kipimo Kwanza

Dada, hongera sana. Sehemu ile ya mstari wa mlango nimeisoma nikasimama, kwa sababu mimi ningeunyoosha na kujisifu.

Ukungu huo ni mvuke wa supaglu. Gundi hiyo ikikauka hutoa mvuke unaoganda juu ya plastiki angavu. Ukiwa mwepesi, sugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba kwa mduara, taratibu, na mara nyingi kioo hurudi. Siku nyingine vioo uvibandike kwa gundi nyeupe ya maseremala. Hukauka ikiwa angavu, na ikimwagika huoshwa kwa maji. Kama kioo kimeharibika kabisa, kuna njia ya mwisho ambayo nililazimika kuitumia mwaka juzi, boksi lilipofika kutoka ng'ambo likiwa limebonyea na kioo cha mbele kimepasuka vipande viwili, na muuzaji hakujibu barua yangu hata moja. Niliunga vipande, nikajaza upande wa ndani kwa puti ya magari ili nipate umbo, nikalisafisha kwa msasa, kisha nikachukua plastiki angavu ya pakiti ya biskuti, nikaishika juu ya joto la mshumaa mpaka ikalegea, nikaivuta juu ya umbo lile. Nilipata kioo kizuri kwenye jaribio la sita.

Mgeni wa Kazi, Kisumu

Wakuu, boksi moja linagharimu kiasi gani, na stika za boksi la zamani, zile za kulowekwa majini, zilizogeuka njano zinatumika?

Bunduki ya Rangi

Mkuu, kwa Japani boksi la kawaida la 1/24 ni karibu yeni elfu tatu hadi nne, lakini nauli ya posta mara nyingi huzidi bei ya boksi, hivyo ni bora watu watatu au wanne waagize pamoja. Stika za njano zitie kwenye mfuko wa plastiki unaoona ndani, uzibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, na baada ya wiki moja au mbili njano hupungua sana. Kabla ya kuzibandika, jaribu kipande kidogo kwenye maji, maana stika kuukuu huweza kusambaratika. Ukiona dalili hiyo, zipulize vanishi nyepesi kwanza. Na msizibandike juu ya rangi isiyong'aa, kwani hewa hunaswa chini yake na kuacha weupe unaometameta. Paka vanishi ya kung'aa, bandika stika, tone la siki litazilainisha kwenye mikunjo, kisha ndipo ufifishe mng'ao.

Kipimo Kwanza

Ndugu, narudi na taarifa ya leo. Nimechapisha picha ya Datsun upya, ekseli hadi ekseli milimita 96, na nimelinganisha na gari langu lililo mezani. Mbele liko chini kwa milimita moja na nusu, ambayo ni sentimita 3.6 za gari halisi. Hilo lingegonga jiwe la kwanza nje ya Nairobi. Ekseli za mbele tayari nilikuwa nimezigandisha, kwa hiyo kesho nitazikata na kuweka vipande vya plastiki kati yake na bodi. Dada wa Mwanza, ukienda tena stendi, nakuomba unipimie keria ya juu ya Hiace: kimo chake kutoka kwenye paa, na unene wa bomba lake. Boksi langu la Aoshima limefika jana, na keria hamna ndani.